Matimba: miti inayoshikilia maduara ya Rwamgasa

Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Rwamgasa, mkoani Geita, ipo kazi ya useremala ifanywayo chini ya ardhi. Shimo la kuifuatia dhahabu huitwa duara. Miti inayopangwa ndani yake kuzuia kuta zisiporomoke huitwa matimba.

Fundi wa nyumba hupigia hesabu uzito unaoshuka: bati hulalia kenchi, kenchi hukalia ukuta. Duarani uzito mkubwa hutoka ubavuni. Udongo wa juu, uliolegea na kunywa mvua, husukuma kuelekea ndani. Kwa sababu hiyo magogo hulazwa pande zote nne, yakipishana pembeni na kupandana hadi mdomoni. Gogo lisilogusa udongo halizuii kitu. Pengo lililo nyuma yake sharti lijazwe mawe au viroba vya mchanga, kisha likazwe kwa kabari. Hapo ndipo penye hila, kwani matimba yaliyolegea hayatofautiani kwa macho na yaliyokaza.

Mwamba mgumu ukifikiwa, matimba hukoma. Uamuzi huo wahitaji busara, maana mwamba wenye nyufa huweza kuonekana imara hadi baruti ilipuliwe jirani. Katika njia za ulalo zinazoufuata mkanda wa dhahabu, paa lililo dhaifu hutegemezwa kwa nguzo za wima.

Mti una sifa moja njema: mara nyingi hulia kabla ya kuvunjika, na mchimbaji makini huusikia akatoka. Lakini huoza upesi panapolowa na kukauka kwa zamu. Ukaguzi baada ya kila mvua na kila mlipuko si anasa.

Hatari yenyewe ilionekana katika ukanda huohuo Oktoba 2015, wakati kifusi kilipowafukia wachimbaji huko Nyangarata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Watano kati yao walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41.

Ugumu uliobaki ni fedha. Miti hulipiwa kabla dhahabu haijaonekana, na kuivuna msituni kwahitaji kibali. Mwenye duara aliyeishiwa hushawishika kupunguza magogo, au kung'oa matimba ya duara lililoachwa, ambalo kuta zake hubaki zikisubiri mvua.