Koleo la Kumnasa Mnyonyaji wa Betri

Gari limelazwa jioni likiwa zima. Asubuhi ufunguo unazungushwa: kimya. Kuna kitu kimenyonya betri usiku kucha.

Safari ya kumnasa mnyonyaji huyo ilianza mbali na gereji. Mwaka 1820, huko Copenhagen, Hans Christian Ørsted aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye umeme. Kumbe mkondo hujitangaza nje ya waya! Makoleo ya mwanzo ya kupimia mkondo (klampu mita) yalitumia siri hiyo kupitia transfoma, lakini transfoma husikia mkondo geu tu, ule wa majumbani. Umeme wa betri ni mnyoofu, basi fundi wa magari akaambulia patupu.

Jibu lilikuwa limelala tangu 1879, pale Edwin Hall, mwanafunzi huko Baltimore, alipopitisha umeme kwenye utando mwembamba wa dhahabu ulio kwenye uga wa sumaku, akapata volti ndogo pembeni. Semikondakta ndizo zilizoligeuza jambo hilo kuwa koleo la mfukoni linalosikia hata umeme mnyoofu.

Kwa njia ya zamani, waya wa betri huchomolewa na amita au taa kuunganishwa katikati. Magari ya leo yana kompyuta. Ukichomoa waya, kompyuta hizo huanza upya, na hitilafu yaweza kujificha. Koleo huukumbatia waya bila kuuchomoa. Fundi hufunga gari, husubiri kompyuta zilale, huirudisha mita kwenye sifuri (hata usumaku wa dunia huivuruga), ndipo asome.

Miliampea 50 kwa kawaida huvumilika. Nusu ampea humaliza betri ya saa-ampea 50 kwa takriban siku nne.