Giaboksi iliyomnyima Moss ubingwa

Wadau, juzi nilikuwa gereji, kijana mmoja anataka injini na giaboksi vitoke mbele vihamie nyuma ya viti. Mzee fundi akamwuliza swali moja tu: utavihamisha vilivyo, au utavigeuza? Kijana akabaki anacheka. Mimi nikakumbuka mbio za magari za miaka ya 1950, maana swali hilo hilo liliwasumbua watu wakubwa.

Charles Cooper na mwanawe John walikuwa na gereji Surbiton, Uingereza. Mwaka 1946 waliunganisha sehemu za mbele za Fiat Topolino mbili, wakaweka injini ya pikipiki ya cc 500 nyuma ya dereva. Injini ile iliendesha magurudumu kwa mnyororo, basi hapakuwa na kichwa kuuma. Shida ilikuja walipofunga injini kubwa za Coventry Climax. Giaboksi ya kukaa nyuma wataipata wapi? Wakaichukua ya Citroën Traction Avant, gari la mwaka 1934 lililovuta kwa magurudumu ya mbele. Ya mbele ikaenda nyuma!

Hapo ndipo penye mtego. Ukigeuza injini na giaboksi nzima nyuma-mbele, magurudumu nayo yanazunguka kinyume. Unabaki na gia moja ya kwenda mbele na nyingine zote za rivasi. Dawa ni kuhamisha kraunwhili upande wa pili wa pinioni, au kupindua giaboksi juu chini. Lotus walipochukua mashine ya Renault 16 wakaifunga nyuma ya Europa mwaka 1966, walihamisha kraunwhili.

Turudi kwa Cooper. Msimu wa 1959 injini ilikuwa ya lita 2.5, na boksi lile lilibuniwa kwa gari la familia. Timu ya Cooper yenyewe, kwa Jack Brabham, iliendelea nalo baada ya kuliimarisha. Rob Walker, aliyemwendesha Stirling Moss kwenye Cooper hiyo hiyo, hakuliamini. Akaagiza giaboksi ya Muitaliano Valerio Colotti, iliyotengenezwa mahsusi kwa mbio. Kusema kweli hata mimi ningechagua hiyo.

Monaco, Moss anaongoza, gari likakatika nguvu. Uholanzi, anaongoza tena, giaboksi. Halafu akashinda Ureno na Italia, kwa hiyo ubingwa ukaamuliwa Sebring, Marekani, tarehe 12 Desemba 1959. Moss alianza wa kwanza, akatangulia, akatoka mzunguko wa 5. Giaboksi tena!

Brabham mafuta yalimwishia mzunguko wa mwisho. Akashuka, akalisukuma gari hadi kwenye mstari, akawa wa 4. Bingwa kwa pointi 31, Moss 25.5.

Vitabu vingi vinasema injini ya nyuma ndiyo iliyoshinda mwaka ule. Sikatai, ila wote wawili walikuwa na injini nyuma, na aina moja! Tofauti kubwa ilikuwa kilichofungwa nyuma ya injini.

Mwaka 1960 Cooper waliachana na boksi la Citroën, wakaja na la kwao lenye gia 5, na Brabham akachukua ubingwa tena. Moss alifariki mwaka 2020 bila kuupata hata mara moja.