Aliyefungwa: Neno na Hatia Katika Usukuma

Mwaka 1963 Tanganyika ilitunga sheria ya kuweka viwango vya chini vya adhabu, nayo iliwagusa watu wa Shinyanga, nchi ya wafugaji, kwa kuwa wizi wa ng'ombe ulitajwa humo. Mkosaji alipigwa viboko 24: 12 alipoingia gerezani, na 12 alipotoka. Vile vya kuingia vyaeleweka. Vile vya kutoka vilimwangukia mtu aliyekwisha kulipa deni lake. Watu walisema ni vya kwenda kumwonyesha mkewe, na Mwalimu Nyerere aliyakumbusha hayo mjini Mbeya, Mei Mosi 1995, alipokuwa akizungumzia rushwa. Mwaka 1972 sheria hiyo ilibadilishwa kwa nyingine. Fikira yake ilibaki.

Lugha nayo ina sehemu yake. Aliyeachika huitwa mtalaka, aliyemaliza utumishi huitwa mstaafu. Lakini aliyemaliza kifungo hana jina. Husemwa "aliyefungwa" au "mfungwa wa zamani". Katika neno la kwanza, -li- yaonyesha kwamba tendo limepita, ila -ye- yalibandika tendo hilo juu ya mtu, wala haisemi mpaka lini. Polisi hutunza alama za vidole kwa namna hiyo hiyo.

Linganisha na sungusungu, walioanza huko Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Pamoja na faini, walikuwa na adhabu ya kumtenga mkosaji: hasalimiwi, hasaidiwi shambani, hata msibani huachwa peke yake. Yafaa kusema wazi kwamba mikono yao haikuwa safi; waliodhaniwa kuwa wachawi waliteseka sana. Hata hivyo, aliyetengwa aliijua njia ya kurudi. Alilipa alichotozwa, naye akahesabiwa tena kuwa jirani. Sheria ya mwaka 1989 iliwapa sungusungu mamlaka ya mgambo, lakini hukumu za mahakama hazikuazima kwao mwisho huo wa adhabu.

Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966, ukaanza tena kazi mwaka 2000, wala hapana auitaye "uliofungwa". Binadamu aliyetoka gerezani, akiombwa hati ya polisi mahali pa ajira, mara nyingi hubakiwa na mashimo ya wachimbaji wadogo, ambako mtu huulizwa kama aweza kushika sururu.