Bao moja ambalo Afrika bado inalisaka

Dakika 60 ziliisha Misri na Denmark zikiwa 28–28. Zikaongezwa dakika kumi, hazikuachana. Zikaongezwa kumi nyingine, ubao ukasoma 35–35. Ilikuwa Januari 27, 2021, robo fainali ya Kombe la Dunia la mpira wa mikono kwa wanaume, ndani ya ukumbi wa Uwanja wa Cairo, na sasa hapakubaki njia nyingine ila mitupo ya mita saba: mrushaji na kipa, ana kwa ana. Denmark walipata minne, Misri mitatu. Matokeo yakaandikwa 39–38.

Kinachouma zaidi ni kwamba viti vilikuwa vitupu. Waandaaji walikuwa wamekusudia kuingiza mashabiki wachache, lakini siku chache kabla ya ufunguzi korona iliwalazimisha kufunga milango kabisa. Misri ikacheza mechi kubwa namna ile nyumbani kwake bila sauti ya watu wake. Siwezi kuapa kwamba kelele za Cairo zingegeuza mtupo mmoja, ila naamini hivyo. Siku nne baadaye Denmark waliifunga Sweden 26–24 na kubeba kombe. Kwangu mimi, fainali yenyewe ilikuwa imeshachezwa katika ile robo.

Mashindano hayo yalianza 1938 huko Ujerumani, timu nne tu, zote za Ulaya, na hadi leo kombe halijawahi kutoka barani humo. Tunisia ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kushiriki, mwaka 1967. Miongo mitatu na ushei ikapita ndipo Misri, mwaka 2001 nchini Ufaransa, ikawa timu ya kwanza ya nje ya Ulaya kuingia nusu fainali. Ikafungwa na wenyeji 24–21, kisha Yugoslavia wakaizidi nguvu 27–17 katika kuwania nafasi ya tatu.

Mwaka 2005 ilikuwa zamu ya Tunisia kuandaa, na ukumbi wa Radès ulifurika. Wissem Hmam, kijana mwenye mkono mzito, alifunga mabao 81 na kuwa mfungaji bora wa mashindano. Hispania waliwazuia Watunisia kwenye nusu fainali, 33–30, wakaendelea hadi kuichapa Croatia 40–34 na kupata ubingwa wao wa kwanza. Lakini mechi ya kukumbukwa ni ile ya medali ya shaba: Ufaransa 26, Tunisia 25. Bao moja. Hiyo ingekuwa medali ya kwanza ya Afrika.

Qatar, mwaka 2015, walifika mbali kuliko timu yoyote ya nje ya Ulaya: fainali, wakiwa nyumbani, wakalala 25–22 mbele ya Ufaransa. Ni heshima yao, ingawa wengi katika kikosi kile walizaliwa na kufunzwa nchi nyingine. Misri na Tunisia zimejenga kwa vijana wa klabu zao, na ndiyo maana nazipima kwa kipimo tofauti.

Cairo 2021 ilikuwa na jambo jingine la kufurahisha. Kwa mara ya kwanza timu ziliongezwa kufikia 32, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikapata nafasi yake ya kwanza. Walifungwa na Argentina 28–22, lakini Gauthier Mvumbi, mchezaji mwenye umbo kubwa anayesimama karibu na mstari wa mita sita, alirusha mara nne na kufunga yote manne. Ndani ya siku chache Shaquille O'Neal alikuwa amemtumia salamu kwa video.

Miezi sita baadaye Misri walikwenda Tokyo, wakawatoa Ujerumani 31–26 na kuwa Waafrika wa kwanza kucheza nusu fainali ya Olimpiki katika mchezo huu. Shaba ikawaponyoka tena, Hispania 33–31.

Halafu ikaja Zagreb, Januari 2025, robo fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Ufaransa. Sekunde chache kabla ya kipenga cha mwisho Misri walisawazisha 33–33, na benchi lao lote likasimama. Wafaransa wakauanzisha mpira haraka, ukamfikia Luka Karabatic, akafunga.

Thelathini na nne kwa thelathini na tatu.