Kichaa cha Mbwa Mkoani Mara: Ushahidi wa Ubongo, Vinasaba na Wanakijiji

Mgonjwa wa kichaa cha mbwa akishaonyesha dalili, karibu hakuna namna ya kumwokoa. Ugonjwa huohuo, hata hivyo, unazuilika kabisa. Mwaka 2002, mtafiti Sarah Cleaveland na wenzake walikadiria kwamba unaua takriban watu 1,500 kila mwaka nchini Tanzania, idadi iliyozidi kwa mbali vifo vilivyoripotiwa rasmi. Makala haya yanajenga hoja kwamba utafiti uliofanyika Serengeti umekwishaonyesha pa kuukabili ugonjwa huu: kwa mbwa wa kijijini, kabla hajang'ata mtu. Kwa hiyo chanjo ya mbwa ni huduma ya afya ya binadamu, na inastahili fungu katika bajeti ya afya.

Tuanze na ubongo. Virusi huingia mwilini kupitia mate kwenye jeraha, kisha hufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Kwa kawaida dalili hujitokeza baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Kabla ya hapo, kuosha jeraha kwa sabuni na maji tiririka kwa dakika 15, kisha kuwahi chanjo, huokoa maisha. Uthibitisho kwa mnyama hutafutwa kwenye ubongo huohuo. Kipimo cha zamani kilihitaji hadubini maalumu, ambayo ni nadra kuikuta wilayani. Mwaka 2006, Tiziana Lembo na wenzake walionyesha kwamba sampuli za ubongo zilizohifadhiwa kwenye gliserini huweza kupimwa kwa hadubini ya kawaida: baada ya kutiwa rangi, virusi huonekana kama madoa ya wekundu wa zambarau ndani ya seli za buluu.

Ushahidi wa pili ni wa vinasaba. Wapo wanaosema kwamba kuchanja mbwa jirani na hifadhi yenye fisi na bweha ni kutwanga maji kwenye kinu. Dai hilo lilipimwa. Utafiti wa Lembo na wenzake wa mwaka 2008 ulilinganisha jeni za virusi kutoka kwa mbwa wa kufugwa na wanyamapori wa Serengeti, na haukukuta ukoo wa virusi unaojitegemea porini. Wote walikuwa na virusi vya ukoo mmoja. Mnyamapori huambukizwa na huweza kuambukiza, lakini anayeuendeleza ugonjwa ni mbwa.

Ushahidi wa tatu umetoka vinywani mwa wanakijiji. Tangu 2002, kikundi cha mtafiti Katie Hampson kilianzia kwenye kumbukumbu za watu waliong'atwa, kikaenda nyumba kwa nyumba kuuliza: mbwa alikuwa wa nani, alitokea wapi, aling'ata nani mwingine? Kwa njia hiyo, hadi 2016, maambukizi zaidi ya 3,000 yalifuatiliwa katika Wilaya ya Serengeti, yenye mbwa wapatao 50,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba hakuna wakati ambapo mbwa wenye ugonjwa walizidi asilimia 0.15. Ugonjwa huu hudumu ukiwa mchache, na ndiyo maana ni rahisi kuupuuza.

Kila mbwa mgonjwa huambukiza wastani wa mbwa 1.2 hivi. Kihesabu, kinga ya chini ya asilimia 20 ingetosha kukata mnyororo huo. Kwa nini basi tunaambiwa tuchanje asilimia 70? Kwa sababu mbwa waliochanjwa hufa na watoto wapya huzaliwa kila mwezi. Asilimia 70 ya leo hushuka, lakini haipaswi kufika chini ya kiwango cha hatari kabla ya kampeni ya mwaka unaofuata. Mwaka mmoja ukirukwa, kinga huyeyuka.

Kuwaua mbwa hakuleti kinga hiyo. Kasi ya maambukizi haitegemei sana wingi wa mbwa, na anayeua ovyo huua pia waliokwishachanjwa. Isitoshe, mfugaji wa Wilaya ya Tarime anayemtegemea mbwa kulinda zizi atatafuta mwingine.

Wilaya moja haitoshi pia. Pemba ilikuwa imeutokomeza ugonjwa kufikia 2014, lakini mwaka 2016 ukarudi, na vinasaba vikaonyesha kwamba virusi viliingizwa kutoka nje ya kisiwa. Ikiwa kisiwa hakikusalimika, kata ya Turwa, iliyo Tarime karibu na mpaka wa Kenya, itasalimikaje peke yake? Serengeti, Tarime na Bunda zinahitaji ratiba moja ya chanjo, iliyopangwa pamoja na majirani wa Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Umbali na ukosefu wa umeme si kisingizio tena: utafiti wa Felix Lankester na wenzake wa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba chanjo iliyohifadhiwa katika nyuzijoto 25 kwa miezi sita bado huwakinga mbwa.

Lengo la kimataifa ni kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa kinachoenezwa na mbwa ifikapo 2030. Wanakijiji wa Serengeti wametoa taarifa zao kwa miaka mingi ili sayansi hii ipatikane. Haki yao ya kwanza ni kuona chanjo ikifika kila kijiji, kila mwaka.