Maasi ya 1964 na Swali la Elimu ya Afisa

Alfajiri ya tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, leo Lugalo, waliwakamata maofisa wao Waingereza. Walidai nyongeza ya mishahara na maofisa Waafrika. Siku tano baadaye, serikali ililazimika kuyazima maasi hayo kwa msaada wa makomando wa Uingereza. Kutokana na fedheha hiyo, JWTZ iliundwa tarehe 1 Septemba 1964.

Dai la pili ndilo lenye uzito wa kihistoria. Jeshi la kikoloni lilimfundisha Mwafrika kutii, si kuamuru. Waliofikia uofisa walikuwa wachache, akiwemo Mirisho Sarakikya, aliyesomea Sandhurst na kuwa Mkuu wa Majeshi wa kwanza. Pengo hilo lilihitaji shule. Monduli ikaandaa maofisa wapya, Duluti ikafundisha ukamanda na unadhimu, na mwaka 2012 Chuo cha Taifa cha Ulinzi kikafunguliwa Kunduchi, ambako maofisa waandamizi husoma pamoja na watumishi wa umma.

Darasa hilo la pamoja lina thamani kwa sharti moja: afisa athubutu kumweleza mwanasiasa ukweli mchungu, na mtumishi wa umma athubutu kuuliza jeshi linavyotumia kodi ya mwananchi. Pasipo maswali hayo, tutakuwa tumebadili rangi ya maofisa tu, huku elimu ya kutii bila kuhoji ikibaki ileile ya mkoloni.