Baiskeli Ilitangulia Lami

"Mzee, ninyi wa baiskeli barabara hamuilipii hata senti." Hoja hii naisikia kila ninapozungumzia njia ya baiskeli kwenye vijiwe vya bodaboda hapa Mpanda. Siibezi, maana kijana anayeitoa hukatwa tozo ya barabara katika kila lita ya petroli. Ninachomwomba ni dakika chache za historia ya mji wake.

Mpanda ya leo ilikuzwa na mgodi na reli. Tawi la reli kutoka Kaliua, kilomita 210 hivi, lilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa, treni ikabaki. Lakini treni haifiki shambani. Toka stesheni hadi vijiji vya Wakonongo na Wabende, mzigo ulikuwa wa kichwa au wa baiskeli. Wakimbizi wa Burundi walipopewa ardhi Katumba mwaka 1973, wakafyeka pori na kulima, maharage na muhogo wao viliingia sokoni kwetu juu ya keria. Lami ya kutuunganisha na Sumbawanga na Tabora imekuja karne hii.

Marehemu baba alikuwa fundi baiskeli. Phoenix mpya haikuachwa ilivyotoka dukani. Alifungua keria, akafunga nyingine ya nondo zilizochomelewa, kisha akaimarisha uma wa mbele kwa vyuma viwili. Tyubu zilizokwisha alizikata mikanda ya kufungia magunia. Mlimani mwenye mzigo alishuka akasukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mti uliofungwa nyuma ya kiti. Na chini ya kiti palikuwa na kibati cha leseni ya halmashauri. Ukikutwa huna kibati, baiskeli inazuiwa. Kwa hiyo, mwanangu, baiskeli ililipa, tena mwenyewe akiwa mkulima asiye na mshahara.

Pikipiki ziliruhusiwa kisheria kubeba abiria kwa biashara mwaka 2009. Wengi wa vijana niliowaona wakizinunua walitoka kwenye baiskeli. Kijana akikumbuka ada yake ya shule ilibebwa na keria ya nani, sauti hushuka, nasi huanza kuongea habari ya vipimo vya njia: yeye asimame wapi, abiria ashukie wapi.

Mama mwenye meza ya nyanya pembezoni mwa barabara ana hofu nyingine, kwamba njia ya baiskeli itachukua nafasi yake, nayo ni ya kweli. Dar es Salaam, njia za baiskeli zilizojengwa pamoja na miundombinu ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016, huingiliwa na pikipiki na wachuuzi. Kumwambia mama huyo kwamba Waholanzi nao walibishana sana miaka ya 1970 kabla ya kuzoea hakumsaidii. Anataka kujua meza yake itakaa wapi, na jibu liwe mahali panapoonekana.

Basi nawasihi TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na madiwani wetu: kabla mchoro wa njia ya baiskeli haujafungwa, watu wa kijiwe, wa meza na wa baiskeli waitwe kikao kimoja, na futi ya kupimia iwepo. Mkulima wa Katumba bado anakuja na gunia lake, na sasa anapitwa na malori yasiyokuwepo enzi za baba. Anastahili mita moja na nusu ya barabara aliyoichangia.